Boksi Inasema Wati 3000? Cheki Fyuzi Kwanza Kabla Utoe Doh Yako

Unaingia duka la vifaa vya gari Kitale, macho inaland kwa amplifaya imeng'aa kama sufuria mpya, na boksi imeandikwa wati 3000 kwa namba kubwa kuliko jina la kampuni. Bei nayo ni poa ajabu. Hapo ndio unafaa kutoa simu, sio ya kutuma pesa, ya kufungua kalkuleta.

Gari yako injini ikinguruma inatoa kama volti 13.8. Wati ni volti mara ampea. Gawa 3000 kwa 13.8 na unapata ampea 217, na hiyo ni kama amplifaya haipotezi hata stima kidogo kwa joto, kitu ambayo hakuna amplifaya duniani inaweza. Sasa cheki upande wa gari. Alternata ya Probox ama gari ingine ndogo ya Toyota mara nyingi ni ya ampea kati ya 70 na 100. Kwa hivyo hizo 217 zitatoka wapi, msee wangu? Kipsongo ama Karen, hesabu ni moja.

Na kabla mtu aseme mbona nganya za Rongai zinatetemesha vioo hadi unaskia kwa meno: nyingi ya hizo ni mabasi ya Isuzu yenye betri mbili kubwa na mfumo wa volti 24. Probox ya stage ya Kitale ni mnyama mwingine kabisa. Tutarudi hapo, juu kuna makosa moja huko inaua betri za watu kila siku.

Fyuzi haidanganyi

Geuza hiyo amplifaya, angalia upande wa kuingiza waya. Utaona fyuzi ndogo za plastiki zenye rangi na namba. Njano ni 20, kijani ni 30. Jumlisha hizo namba zote, zidisha na 13.8. Hiyo ndio stima yote inaweza kuingia kwa hiyo kitu bila fyuzi kulipuka.

Tuseme hiyo ya wati 3000 iko na fyuzi moja tu ya 30. 30 mara 13.8 ni wati 414 zinaingia. Lakini zinazoingia sio zote zinatoka. Amplifaya za zamani na nyingi za chaneli nne ni za daraja AB, na hizo hugeuza kitu kama nusu ya stima kuwa sauti, kidogo juu ya nusu kama ni nzuri. Ile nyingine inaenda kwa joto, ndio maana zinachoma mkono. Za daraja D, zile zinauziwa wasee wa besi, hufika kama asilimia 80. Kwa hivyo hiyo wati 3000 yako, kama ni AB, inakupatia kama 200 na kitu. Kama ni D, 330 hivi. Iko sawa, si mbaya, lakini sio 3000, na bei yake inafaa kufanana na 200.

Namba ya kutafuta kwa boksi inaitwa RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kubeba muda mrefu bila kuharibu sauti. Hizo zingine za "max" na "peak" ni za kupamba boksi. Huko Marekani walichoka na huu uongo, wakaweka kipimo kilichoitwa CEA-2006, siku hizi ni CTA-2006: amplifaya inapimwa kwa volti 14.4, spika ya omu 4, na sauti ikiwa haijaharibika zaidi ya asilimia moja. Ukiona hiyo alama, angalau kuna mtu alipima. Usipoiona, rudi kwa fyuzi.

Onyo moja kama unanunua ya mtumba. Fyuzi hutolewa na kuwekwa ingine kwa sekunde mbili, na kuna wajanja wataweka 40 mahali pa 20. Tafuta namba iliyochapwa kwa bodi yenyewe karibu na fyuzi. Kama hazifanani, rudisha hiyo kitu kwa rafu.

Pengine hata hauhitaji amplifaya

Hii hakuna muuzaji atakuambia. Deki nyingi zimeandikwa 50 mara 4, ati wati 50 kwa kila spika. Haiwezekani. Deki ya kawaida haina kitu ndani ya kuongeza volti, inatumia zile za gari tu, na kwa volti 14.4 na spika ya omu 4 hesabu inagonga ukuta kwa kama wati 26. Kwa ukweli ni kama 20 safi. Amplifaya ya kando ipo ndio ipandishe volti kabla izipeleke kwa spika, hiyo ndio kazi yake.

Lakini wati 20 safi sio mchezo kama spika ni nzuri. Nyuma ya boksi ya spika kuna namba ya desibeli, sema 88 ama 92. Hiyo ni sauti unapata ukiipea wati moja tu na kusimama mita moja mbele yake. Kila desibeli 3 zaidi ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Kwa hivyo spika ya 91 kwa wati 20 inapiga sawa na ya 88 kwa wati 40. Umepata amplifaya ya bure kwa kusoma namba moja. Na kama unataka masikio ya watu yaseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kutoka wati 300 hadi 400 mtu hataskia chochote, ni wewe tu na mfuko wako.

Kwa gari ya mzae ya kwenda Bungoma wikendi, mimi ningebadilisha spika za milango kwanza, niweke kitu laini nyuma yake ili mlango usikohoe, alafu nikae na hiyo mwezi mmoja. Wengi wanaishia hapo na doh inabaki.

Stima iko ngapi kwa gari

Sawa, unataka besi. Basi hesabu kile gari inabaki nacho, sio kile alternata imeandikwa.

Usiku, taa za mbele pekee zinakula kama ampea 8 ama 9. Ongeza feni ya rejeta, pampu ya mafuta, plagi, waipa, taa za nyuma, chaja za simu tatu za abiria. Unafika 30 hivi haraka. Kama alternata ni ya 80 na iko moto baada ya kupanda na kushuka kutoka Webuye, pengine inakupea 70. Inabaki 40. 40 mara 13.8 ni wati 552 za kuingiza, na kwa amplifaya ya daraja D hiyo ni kama wati 440 za RMS. Hapo ndio mwisho wa Probox ambayo haijaongezwa kitu. Mziki wenyewe haupigi besi kwa nguvu yote kila sekunde, kwa hivyo ukiweka ya 500 hautaona shida. Ukiweka ya 1500 utaona taa zikipepesa na kila mdundo, na hiyo kupepesa ni gari inakuambia imeshindwa.

Stage ndio mahali pabaya kuliko barabara. Gari ikiwa imesimama inanguruma pole pole, alternata inazunguka pole pole pia, na inatoa kiasi kidogo sana ya kile imeandikwa. Sasa dere wa Kitale ataegesha akingoja watu wajae, mziki juu ndio avutie wateja, taa zimewashwa. Hapo betri ndio inalipa. Alafu anashangaa mangware yenye baridi ya Kitale gari inasema tik tik tik.

Ukizima injini kabisa ni mbaya zaidi. Betri ndogo ya gari ni ya kama ampea 35 hadi 45 kwa saa moja. Mziki wa kawaida wa arusi ukivuta ampea 15, saa moja na nusu umemaliza nusu, na betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kumalizwa nusu. Ukifanya hivyo mara nyingi inakufa mapema hata kama ni mpya. Kuongeza betri ya pili kunakupea muda zaidi ukiwa umeegesha, lakini haiongezi stima hata moja ukiwa barabarani. Alternata ni ile ile, na sasa iko na betri mbili za kulisha. Na wale wa boda wenye spika mbili kwa kifua cha pikipiki: betri yenu ni ndogo mara kadhaa kuliko hiyo. Wati 20, 30, mkae hapo.

Sasa yale makosa ya mabasi. Isuzu za NQR ziko na betri mbili za volti 12 zimeunganishwa kufanya 24. Amplifaya ya gari ni ya 12. Fundi mwenye haraka anafanya nini? Anachomeka waya kwa betri moja tu, anapata 12 yake, mziki unalia, analipwa, anaenda. Shida ni kwamba chaja ya basi inaona betri mbili kama moja. Ile inatumika na amplifaya inabaki na njaa kila siku, na ile ingine inashiba hadi maji yake yanachemka. Baada ya muda zote mbili zimeharibika, na mwenye basi anaambiwa betri zilikuwa feki. Hazikuwa feki. Kinachofaa ni kigeuzi cha kushusha 24 hadi 12, chenye ampea za kutosha. Jumla ya fyuzi za amplifaya ikiwa 60, kigeuzi cha 20 kitachomeka. Enyewe kigeuzi kikubwa ni ghali, lakini linganisha na bei ya betri mbili.

Waya ndio huchoma gari

Hapa usicheze. Spika ikiharibika umepoteza spika. Waya ikiharibika uko ndani ya gari ya petroli na watu kumi na nne wanatafuta mlango mmoja.

Waya kubwa nyekundu kutoka betri hadi amplifaya iko na kazi ya kubeba stima yote. Kwa sababu hakuna kitu cha kuizuia, ikigusa bodi ya gari mahali popote betri itamwaga mamia ya ampea kwa hiyo waya moja. Ganda linayeyuka, kapeti inashika. Ndio maana fyuzi kubwa inakaa karibu na betri, sentimita 45 hivi na chini ya hapo, sio karibu na amplifaya. Wasee wengi wanadhani hiyo fyuzi inalinda amplifaya. Hapana, amplifaya iko na zake. Hii inalinda waya yote iliyo mbele yake. Ikiwa iko kule buti, mita tano za waya kutoka boneti ziko uchi. Na mahali waya inapenya kutoka kwa injini kuingia ndani lazima kuwe na raba, juu ukingo wa bati utakata ganda pole pole kwa hizo matuta zote za njiani hadi siku moja.

Fyuzi ikilipuka, jua kuna sababu. Kuna mtu ataifunga na karatasi ya foili ya sigara ndio safari iendelee. Huyo shuka.

Alafu kuna suala la waya feki, na hapa ndio wengi wananyonywa. Waya nyingi za seti za bei rahisi sio shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwa boksi utaona herufi CCA, ama hautaona kitu. Kwaruza uzi mmoja na wembe: ikiwa nyeupe ndani, ni aluminiamu. Pia shika kwa mkono, shaba ni nzito. Aluminiamu inabeba stima vibaya zaidi. Mita tano za waya namba 8 ya shaba, ukipitisha ampea 60, inapoteza kama volti 0.6 njiani. Ile ya aluminiamu inapoteza karibu volti nzima. Na kumbuka namba za waya ziko kinyume: namba 4 ni nene kuliko namba 8. Kwa wati 500 za ukweli nunua namba 4 ya shaba, uweke fyuzi ya 80 kwa betri, alafu ulale usingizi.

Waya nyeusi nayo iwe nene sawa na nyekundu, fupi, chini ya nusu mita kama inawezekana. Ifungwe kwa bati ya bodi baada ya kukwaruza rangi yote hadi uone chuma inang'aa. Kufunga kwa skurubu ya kiti juu ya rangi ndio huleta ile sauti ya kupiga mluzi inayopanda ukikanyaga mafuta. Waya za mziki za RCA zipite upande mmoja wa gari, ya stima upande ule mwingine.

Omu na hiyo skurubu ndogo

Omu ni vile spika inazuia stima. Ikiwa chini, amplifaya inasukuma zaidi na inapata joto zaidi. Spika mbili za omu 4 ukizifunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa 2. Ukizifunga moja baada ya nyingine zinakuwa 8. Wufa nyingi siku hizi ziko na koili mbili ndani, kila moja ya omu 4. Mbili za aina hiyo zinaweza kufungwa kuwa omu 1 ama omu 4. Kabla ununue, soma amplifaya inakubali chini hadi ngapi. Na kama utaunganisha chaneli mbili kuwa moja, kila chaneli inaona nusu tu ya omu za spika. Amplifaya inayokubali 2 kwa kila chaneli, ukiziunganisha inataka 4. Kuiwekea 2 ndio inaanza kuzima baada ya ngoma tatu, fundi anasema ni joto la jua.

Ile skurubu ndogo ya gaini sio volyumu. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na nguvu ya deki, basi. Ukiizungusha hadi mwisho, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, yanakuwa bapa. Hapo koili ya spika inapata joto bila kupumzika hadi inaungua. Spika nyingi zinazokufa zimeuliwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa kupiga kelele, hasa zile ndogo za juu.

Kuiweka vizuri unahitaji multimita ya bei rahisi na dakika kumi. Toa waya za spika kwa amplifaya. Zima besi busti na ekwalaiza zote. Weka deki robo tatu ya volyumu. Cheza mlio wa majaribio wa hezi 50 kama ni wufa, kuna programu za bure za simu. Weka multimita kwa volti za AC kwenye matundu ya spika, panda na skurubu pole pole. Unatafuta namba gani? Zidisha wati za RMS na omu, alafu tafuta kipeuo cha pili. Wati 400 kwa omu 4 ni 1600, kipeuo chake ni 40. Ikigonga volti 40 simama, usiguse tena. Kwa spika za milango washa filta ikate chini ya hezi 80, zisijaribu kupiga besi ambayo ni kazi ya wufa.

Sanduku? Fuata kipimo cha lita kilicho kwa karatasi ya wufa, tumia mbao ya MDF ya milimita 18, ziba kila ufa. Lililofungwa kabisa linasamehe makosa ya kupima. Lile la tundu linapiga kwa nguvu zaidi lakini ukikosea vipimo linatoa besi kama ngoma ya pipa.

Masikio na karao

Kipimo kinachotumika sana kulinda wafanyakazi kinasema desibeli 85 kwa masaa nane, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 100 ni dakika 15 kwa siku. Abiria anashuka Kiminini, lakini dere na makanga wako ndani kutoka asubuhi hadi usiku, na masikio yakienda hayarudi. Kama mlio unabaki kichwani baada ya kupaki, ulipita.

Na sheria ipo. Kenya iko na kanuni za kelele na mitetemo za 2009 chini ya sheria ya mazingira, na Katiba ya 2010 iliipatia kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Karao hatauliza kama hizo ni RMS ama max.

Siku ya kuchukua gari kwa fundi, usiende tu kuskiza. Beba hiyo multimita. Washa injini, taa zote, mziki juu, alafu pima volti kwa betri na upime tena kwenye amplifaya yenyewe, nyekundu na nyeusi. Tofauti ikiwa chini ya nusu volti, mlipe. Ikiwa betri inasema 13.6 na amplifaya inasema 12, shika waya na ardhi yake uone mahali ni moto, mwambie afungue hapo tena kabla hujatoa pesa.